"Hatujawachokoza": dhana potofu kuhusu nyuki na vibarua mashambani

Ukizungumza na wasimamizi wa mashamba ya kahawa na maua, kuanzia Tengeru (Arusha) hadi Kibosho (Kilimanjaro), hutakosa kuambiwa kwamba nyuki hawaumi mtu asiyewachokoza. Dhana hii ndiyo inayoumiza vibarua wengi, kwa sababu anayeamua kwamba kachokozwa ni nyuki mlinzi mlangoni mwa mzinga.

Kwake, mashine ya kufyekea majani ikinguruma hatua chache kutoka mzingani ni adui tayari. Vivyo hivyo anayepogoa mti wa kivuli wenye mzinga, nguo nyeusi, na pumzi ya mtu anayehema karibu. Nyuki mmoja akiuma, mwiba hubaki na kifuko cha sumu, na hapo hutoka harufu kama ya ndizi mbivu inayowaita wenzake. Ukimponda nyuki kwa kofi, umewaita pia.

Tena, mchokozi anaweza kuwa ameshaondoka. Mrina asali akifungua mizinga usiku, kundi huweza kubaki na hasira hadi kesho yake, na anayeshambuliwa ni mchuma kahawa aliyepita asubuhi akiwa hana habari. Kwa hiyo mrina na msimamizi wawe na ratiba moja: baada ya kurina, eneo lile lifungwe siku nzima. Majani kuzunguka mizinga ayafyeke mfugaji mwenyewe jioni, kwa fyekeo la mkono, akiwa na vazi la kinga na bomba la moshi. Ushauri wangu ni mita 200 kati ya mizinga na mahali watu wanaposhinda. Shamba likiwa dogo, panda uzio mnene wa mita 2 ili nyuki warukie juu ya vichwa. Weka pia beseni la maji lenye mawe karibu na mizinga kabla ya kiangazi, la sivyo watahamia bomba la wafanyakazi, na wakishalizoea ni kazi kuwaondoa.

"Wakivamia, simama tuli." Hapana! Hiyo ni kwa nyuki mmoja anayezunguka tu. Kundi likivamia, funika uso kwa shati, kimbia moja kwa moja hadi ndani ya gari au nyumba, funga mlango. Usijitose bwawani, watakusubiri juu ya maji.

"Mwiba usiubane, ukwangue." Ukibishana, sumu inaingia, nyingi huingia ndani ya sekunde 20 hivi. Toa kwa njia yoyote, haraka. Maziwa na mafuta ya taa hayasaidii.

"Huyu ameshazoea." Mzio unaweza kuanza hata kwa aliyeumwa mara nyingi bila shida. Akivimba midomo, akibanwa kifua, akitapika au kuona kizunguzungu, Piriton (kidonge cha mzio) haitoshi: anahitaji sindano ya adrenalini kwenye paja. Alazwe miguu ikiwa juu, asitembezwe. Akishindwa kupumua, aketi. Apelekwe hospitali ya KCMC (Moshi) au Mount Meru (Arusha), popote palipo karibu, bila kusubiri aone nafuu.

Aliyeumwa mara nyingi sana aende hospitali hata kama hana mzio. Sumu nyingi huharibu misuli na figo, na mkojo mweusi unaweza kuonekana baadaye, akiwa ameshasema amepona. Andikeni saa aliyoumwa na idadi ya miiba iliyotolewa, daktari ataihitaji.