Tume ya Septemba 11: yanayosemwa barazani na yaliyotokea

Ukitaja tume ya uchunguzi barazani, jibu linakuja kabla kahawa haijapoa: "Hiyo funika kombe mwanaharamu apite." Tuna sababu zetu za kusema hivyo. Lakini tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani imesingiziwa mengi, na makosa yake ya kweli hayatajwi.

Eti Bush aliiunda ili ajisafishe

Mwanzoni George W. Bush, rais wa Marekani wakati huo, hakuitaka. Waliomsukuma ni familia za marehemu, wakiwamo wajane wanne wa New Jersey ambao miguu yao haikukauka Washington. Tume ilizaliwa kwa sheria ya Bunge, aliyoitia saini Novemba 27, 2002, zaidi ya mwaka mzima baada ya shambulio. Wajumbe walikuwa 10: watano wa Republican, watano wa Democrat. Rais alimteua mwenyekiti tu, na hata hapo alikwama. Chaguo lake la kwanza, Henry Kissinger, waziri wa zamani wa mambo ya nje, alibanwa ataje wateja wa kampuni yake ya ushauri. Akaona bora ajiuzulu kabla kazi haijaanza. Akaja Thomas Kean, gavana wa zamani wa New Jersey.

Eti tume ni mahakama

Haifungi mtu. Hili tulishaliona kwetu: baada ya mabomu ya Agosti 7, 1998 kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, mahakama ya New York iliwahukumu watu wanne kifungo cha maisha mwaka 2001. Bodi za uchunguzi zilizoongozwa na Admirali William Crowe zilikuwa na swali jingine kabisa: balozi zile zililindwaje?

Eti kazi yake ni kusikiliza wakubwa na kunakili

Hapa ndipo penye utamu. Mei 2003, maofisa wa ulinzi wa anga waliieleza tume kwamba walipata taarifa ya kutekwa kwa ndege ya United 93, mojawapo ya ndege nne zilizotekwa siku ile, saa 3:16 asubuhi. Kauli ikaingia kwenye kumbukumbu. Baadaye wachunguzi wakabaini kuwa zipo kanda za sauti za asubuhi ile ambazo hawajapewa. Tume ikatoa samansi, yaani amri ya kisheria ya kuzitoa, kwanza kwa mamlaka ya usafiri wa anga, kisha kwa Wizara ya Ulinzi.

Kanda zikaja. Zikasikilizwa, zikalinganishwa na rada, dakika kwa dakika. Saa 3:16 ndege ile ilikuwa bado mikononi mwa marubani wake! Ilitekwa saa 3:28, ikaanguka Pennsylvania saa 4:03. Simu ya kuwaarifu wanajeshi iliingia saa 4:07. Yaani wenye ndege za kivita walipewa habari za ndege ambayo dakika nne nyuma ilikuwa imeshateketea shambani.

Tume ilihoji watu zaidi ya 1,200 na kupitia kurasa takriban milioni 2.5, lakini kwangu mimi samansi zile mbili ndizo zilizoipa heshima.

Eti rais alikwepa kuhojiwa

Alihojiwa Aprili 29, 2004, ofisini kwake, makamu wake Dick Cheney akiwa ubavuni, bila kiapo wala kinasa sauti. Mashahidi wawili chumba kimoja! Hata balozi wa nyumba kumi angemwambia mmoja asubiri nje.

Eti ilificha "kurasa 28" za Saudi Arabia

Kurasa hizo, zinazogusa uhusiano wa watekaji na Saudi Arabia, si zake. Ni za uchunguzi wa Bunge uliotangulia, na zilitolewa hadharani Julai 2016.

Eti iliwahoji waliopanga shambulio

Wengi wanadhani Khalid Sheikh Mohammed, anayetajwa kuwa mpangaji mkuu, alikalishwa mbele ya makamishna. Hawakumwona. Alikuwa mikononi mwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na CIA ilikataa katakata wasimfikie yeye wala waliokuwa wakimhoji. Kilichofanyika ni hiki: tume iliandika maswali, maswali yakapelekwa CIA, kisha maelezo ya wafungwa yakarudi kwenye karatasi. Sura zinazosimulia jinsi njama ilivyosukwa zimeegemea sana karatasi hizo, na ripoti yenyewe, iliyotoka Julai 22, 2004, inakiri kwamba waandishi wake hawakuwa na njia ya kumtazama msemaji usoni na kupima kama anasema kweli.