Je, wajua kwa nini kitambi kina hatari kuliko mapaja manene?

Watu wawili wenye kilo 85 na kimo kilekile wanaweza kutofautiana sana kiafya. Mmoja unene wake umekaa kwenye makalio na mapaja. Mwingine ana miguu myembamba, ila mkanda wa suruali anaufunga chini ya tumbo. Huyu wa pili ndiye aliye karibu zaidi na kisukari na presha, ingawa akipita barabara za Ngamiani, mjini Tanga, ataambiwa mambo yake yamemnyookea.

Aliyewahi kuchinja mbuzi anaujua ule utando mweupe wa mafuta uliofunika utumbo. Binadamu naye anao. Mafuta ya chini ya ngozi, yale yanayobanika kwa vidole, kwa sehemu kubwa ni akiba iliyotulia. Haya ya ndani hayatulii. Yanaachia asidi za mafuta na kemikali zinazochochea uvimbe mwilini, na kwa kuwa damu itokayo kwenye utumbo hupita mshipa mkubwa uingiao moja kwa moja kwenye ini, ini ndilo linalobeba mzigo wa kwanza. Likishajaa mafuta haliitikii ipasavyo insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, linaendelea kumwaga sukari kwenye damu hata usiku ambapo haihitajiki. Kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, huiongeza ili kufidia. Miaka ikipita huchoka, na hapo sukari hupanda, mara nyingi mwenyewe hajasikia dalili yoyote.

Mwaka 2004 watafiti wa Marekani waliwanyonya wanawake wanene mafuta ya chini ya ngozi ya tumbo, takriban kilo 10 kila mmoja. Wiki kadhaa baadaye insulini yao ilikuwa inafanya kazi vilevile kama mwanzo. Tumbo lilipungua kwa macho, lakini mafuta ya ndani hayakuguswa. Ndiyo maana mkanda wa kubana kitambi ni hasara tupu: unasogeza nyama, basi.

Presha nayo ina njia zake. Mafuta yakizizunguka figo huzibana, nazo hushika chumvi na maji kupita kiasi. Ila kuna jambo la kuangalia wakati wa kupimwa. Kile kitambaa kinachojazwa upepo, kikiwa kidogo kwa mkono mnene, husoma presha kubwa kuliko iliyopo. Mfuko wake wa upepo unatakiwa uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono, juu ya kiwiko. Ukiona kinabanduka chenyewe, omba kikubwa zaidi.

Usiku, mafuta ya shingoni na kwenye ulimi hubana njia ya hewa. Mtu anakoroma, ananyamaza ghafla, kisha anashtuka akitafuta pumzi. Asubuhi kichwa kinauma, mchana anasinzia, na kama ni dereva hilo si jambo la kucheka. Magoti ni hesabu fupi: kila kilo moja unayopunguza, goti linapunguziwa takriban kilo nne kwa kila hatua.

Kupima ni rahisi, tena kwa tepu ya fundi cherehani. Simama wima, pandisha nguo juu ya tumbo. Tafuta kwa vidole ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, pitisha tepu katikati yake ikiwa sawasawa mbele na nyuma. Toa pumzi kawaida, soma. Wengi hukosea kwa kupima pale wanapofunga suruali, chini ya kitambi, au kwa kuvuta tumbo ndani. Mwanamume akifika sentimita 94 hatari imeanza, na 102 ni kubwa. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Njia nyingine: kiuno kisifike nusu ya kimo. Mwenye sentimita 168 abaki chini ya 84.

Habari njema ni kwamba mafuta ya ndani huwa yanawahi kuondoka. Mwenye kilo 90 akipunguza nne na nusu tu, mara nyingi sukari na presha huanza kushuka. Mazoezi ya tumbo hayachagui mafuta ya tumbo. Baiskeli, ambayo watu wa Tanga wameizoea na mji wenyewe ni tambarare, inafaa kuliko hayo: nusu saa ya kukanyaga kwa bidii, siku tano kwa wiki. Kiuno kinaweza kupungua hata mizani isiposogea.

Jikoni anzia kwenye mafuta. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori 120 hivi. Chapati mbili zilizokunywa kijiko kimoja kimoja zinahitaji karibu saa nzima ya kutembea kuyamaliza mafuta yake peke yake. Soda ya mililita 300 ina sukari zaidi ya gramu 30, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ikiwezekana isizidi 25 kwa siku nzima. Anayetumia dawa za kisukari amwone daktari kabla ya kupunguza chakula, maana sukari inaweza kushuka ghafla.

Ukianza kupungua utaulizwa kama unaumwa. Wajibu tu. Cha kwenda kupimwa ni kupungua usikokusudia: kilo nne hadi tano kwa mwenye 90, ndani ya miezi 6 hadi 12, bila kubadili mlo wala mazoezi.