Dimenshia: ugonjwa unaomfanya mzee aseme hajala

Dimenshia ni jina la jumla la hali ambayo ubongo huharibika kidogo kidogo, mpaka mtu anashindwa kukumbuka, kufikiri, kupanga mambo yake na mwishowe hata kujihudumia. Huletwa na magonjwa mbalimbali. Linaloongoza ni Alzheimer, lililoelezwa mwaka 1906 na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Shirika la Afya Duniani linasema huenda ndilo chanzo kwa asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Chanzo kingine kikubwa ni mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na hapo presha na kisukari visivyotibiwa vina mkono wao. Je, ni ugonjwa wa Wazungu peke yao, kama wengine wanavyodhani? Hapana. Utafiti uliofanywa vijijini wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta kati ya wazee 100 wa miaka 70 na kuendelea, kama 6 hivi wanayo.

Kila mzee husahau. Kusahau jina la jirani asubuhi likakujia jioni hakuna tatizo. Lakini mzee akipotea njia ya kutoka msikitini hadi kwake, njia aliyoipita nusu ya umri wake, hapo pana ugonjwa.

Jambo linalozigombanisha familia zetu ni hili. Katika Alzheimer, sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya huumia mapema, ilhali ya zamani hubaki kwa muda mrefu. Ndiyo maana bibi atakusimulia harusi yake, nani alikuja na nani alinuna, lakini chakula cha mchana alichokula saa moja iliyopita hakipo kabisa kichwani. Akipita jirani, anamwambia kwa uchungu wa kweli: "Tangu jana sijatia kitu tumboni." Jirani anamtazama mkamwana kwa jicho baya. Mkamwana, ambaye ndiye aliyempikia, akamlisha na kumfulia, analia jikoni.

Bibi hasingizii. Kwake yeye mlo ule haukuwahi kuwapo. Ukimjibu, "Mama, si umekula sasa hivi!" utashinda ubishi na yeye atabaki na hofu na hasira, kwa sababu hisia hukaa hata pale kisa kilichozileta kimeshasahaulika. Afadhali useme, "Una njaa, mama? Ngoja nikuletee chai," umpe kikombe na kipande cha kiazi. Majirani nao waambiwe wazi kwamba mama ana ugonjwa. Kuficha ndiko kunakozaa maneno.

Hali ni hiyo hiyo anapotaka "kwenda kwetu" huku amekaa nyumbani kwake. Mara nyingi huanza jioni, giza linapoingia. Washa taa mapema, muulize habari za huko kwao, tembea naye kidogo uani.

Na hapa nasema kwa msisitizo: mzee anayetoka usiku wa manane, anayeongea na marehemu, au anayekutwa uwanjani kwa mtu bila nguo, amepotea. Anahitaji kushikwa mkono na kurudishwa ndani. Kilifi na Usukumani wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na dalili kama hizi ni rahisi mno kugeuzwa ushahidi.

Hospitali aende, hata kama dimenshia nyingi hazina dawa ya kuponya. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona na baadhi ya dawa za usingizi huleta usahaulifu unaofanana na huu, na vyote hivyo vina tiba. Ila mzee akibadilika ghafla, jana alikuwa mzima leo hajui alipo, usingoje kliniki ya wiki ijayo. Huenda ni maambukizi ya mkojo, malaria au upungufu wa maji mwilini, na hiyo ni dharura.

Mzigo huu kwa kawaida humwangukia mtu mmoja, binti au mkamwana aliyebaki nyumbani. Ndugu walioko mjini wakituma pesa kwa simu wamefanya vizuri, lakini pesa haiamki saa nane usiku kumrudisha mama kitandani. Mmoja wao aje Ijumaa, akae na mzee hadi Jumapili, ili anayemlea alale.