Fomu namba 5 iko wapi?

Mama mmoja wa upande wa Mvumi aliingia ofisini kwangu hapa Dodoma na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na cheti cha kifo cha mumewe, muhtasari wa kikao cha ukoo, na nakala ya barua ya usimamizi wa mirathi ambayo Mahakama ya Mwanzo ilimpa shemeji yake. Barua ilikuwa na umri wa miaka mitatu. Ndani ya miaka hiyo nyumba ya mjini ilishauzwa, ng'ombe walishagawanywa, na yeye alibaki na shamba la zabibu, ambalo nalo lilianza kutembelewa na watu wenye kamba za kupimia.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nilijua mahakama ikishamteua mtu, basi imemaliza."

Nikamuuliza swali ninalomuuliza kila anayekuja na habari za mirathi: fomu namba 5 iko wapi? Hakuwahi kuisikia.

Mirathi nyingi za watu wa kawaida huku kwetu huanzia Mahakama ya Mwanzo, kwa kuwa ndiyo inayoshughulikia mali za marehemu ambaye mambo yake yanaongozwa na sheria za kimila au za Kiislamu. Mahakama inateua msimamizi. Huyo hajarithi chochote kwa kuteuliwa tu. Kapewa kazi ya kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi. Kanuni za mwaka 1971 zinamtaka, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, apeleke mahakamani orodha ya kweli ya mali na madeni yote ya marehemu. Hiyo ndiyo fomu namba 5. Baadaye anapeleka hesabu ya namna alivyosimamia, nani kapata nini, na hiyo ndiyo namba 6. Mahakama inaweza kumdai dhamana, na ikiwapo sababu ya kutosha inaweza kumwondoa. Kila nikizisoma kanuni hizi naona kwamba aliyeziandika alimkumbuka mjane na yatima.

Ila majalada mengi niliyoletewa katika kazi hii yanaishia kwenye barua ya uteuzi. Hakuna tano, hakuna sita. Hakimu ana mashauri mengine mezani, na jalada lililonyamaza halimsumbui mtu. Mahakama inasubiri mtu alalamike, na anayepaswa kulalamika hajui kwamba kuna karatasi ambayo haikuletwa. Mimi naona haki nyingi zaidi hupotelea hapo kuliko kwenye hukumu mbovu tunazozizungumza sana mawakili.

Nao huo muhtasari wa kikao cha ukoo. Watu wanaamini bila muhtasari huwezi kufungua mirathi. Ni mazoea yenye faida zake, lakini sheria haikuufanya kuwa sharti. Anayeomba anatakiwa awe na maslahi katika mali ya marehemu, na mjane anayo. Nimewapokea wanawake waliokaa nyumbani miaka kwa sababu wakwe walikataa kuitisha kikao.

Kuna ugumu mwingine ambao fomu haziutibu. Tamko la sheria za kimila la mwaka 1963 linasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga walilipinga Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini haikuzifuta. Wakakata rufaa, na mwaka 2010 rufaa ikatupwa kwa sababu tarehe kwenye amri ya Mahakama Kuu ilikuwa na dosari. Tarehe! Kosa ambalo wao hawakulifanya. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imevunja haki zao. Hata hivyo, kwenye ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Niliishikilia sheria hiyo kwa mikono miwili kwa ajili ya yule mama wa Mvumi.

Sidharau hatua zilizopigwa. Dodoma ina Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki tangu 2021, mahakama za ngazi mbalimbali zikiwa chini ya paa moja. Hapa hapa, Siku ya Sheria ya mwaka huo, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani baada ya kuandika uamuzi kwa Kiswahili akiwa Musoma, na sheria ikabadilishwa mwaka huo huo Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Nilifurahi kwa dhati. Lakini Mahakama ya Mwanzo ilikuwa ikiendesha mashauri kwa Kiswahili siku zote, na mama yule alipoteza nyumba kwa Kiswahili fasaha.

Tuliandika barua ya malalamiko, ukurasa mmoja. Hakimu akaitisha jalada, akamwita msimamizi, akamuuliza orodha ya mali. Shemeji akaomba muda, akapewa, akarudi mikono mitupu. Uteuzi wake ukatenguliwa na mama akateuliwa badala yake, pamoja na binti yake mkubwa. Nyumba bado tunaipigania. Aliyeinunua naye anasema alilipa kwa nia njema, na shauri hilo lina safari yake ndefu.

Mwezi wa pili baada ya kuteuliwa alirudi ofisini na fomu namba 5 aliyojaza kwa kalamu ya bluu. Mstari wa kwanza aliuandika mwenyewe: shamba la zabibu, ekari mbili.