Kumpa mwenzako mrejesho wa somo lake la mtandaoni

Tuseme umetumiwa kiungo. Mwalimu tarajali mwenzako ametengeneza somo la ngeli ya KI-VI kwa kidato cha kwanza: video ya dakika nane, ukurasa wa maelezo, zoezi la kuburuta maneno na jaribio la maswali kumi. Mhadhiri anataka mrejesho wako kufikia Ijumaa. Wengi hufungua kompyuta ya maabara ya chuo, hupitisha macho mara moja, huandika "Kazi nzuri, ila angalia tahajia," basi. Mwenye somo anabaki pale pale, na kasoro zake zinakwenda kumsubiri mtoto wa kidato cha kwanza.

Ninachowasisitizia wanachuo ni hiki: kabla hujawa mkaguzi wa somo, kuwa mwanafunzi wake. Mrejesho wenye manufaa hueleza kilichokupata ulipolitumia, hutaja mahali kilipotokea, kisha hupendekeza jambo linalofanyika. Umahiri wa mtunzi si mada. Mwaka 1996 watafiti Kluger na DeNisi walikusanya tafiti nyingi kuhusu mrejesho wakakuta kwamba katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo, mrejesho ulishusha utendaji badala ya kuupandisha. Maelezo yao ni kwamba mrejesho hupoteza nguvu unapoyatoa macho ya mtu kwenye kazi na kuyaelekeza kwenye nafsi yake. Hapo sifa nazo zimo. "Wewe ni mbunifu sana" inampa mwenzako furaha ya jioni moja, na kesho yake hajui abakishe nini kwenye somo.

Muulize kwanza. Ujumbe mfupi wa WhatsApp unatosha: wanafunzi wake ni wa wapi, wakimaliza wataweza kufanya nini, na ni sehemu gani yeye mwenyewe haimpi amani. Swali la kwanza lina uzito mkubwa hapa Uganda. Mtoto wa Masaka anayezungumza Kiganda anajua tayari *ekitabo kino* na *ebitabo bino*. Ukimwekea karibu "kitabu hiki, vitabu hivi" anaelewa upesi, na kosa la kumchunga ni kuandika "bitabu". Mfano huo huo ukipelekwa Gulu au Lira haumsaidii mtu, kwa sababu Kiacholi na Kilango si lugha za Kibantu na hazina ngeli za namna hii. Huko mwanafunzi anahitaji kuelezwa tangu mwanzo kwa nini jina linalazimisha maneno mengine yafuatane nalo. Na kuna yule aliyezoea Kiswahili cha sokoni, anayesema "kitabu yangu" bila kusita. Huyo anaelewa maana zote. Kinachomshinda ni upatanisho. Usipojua somo ni la nani kati ya hawa, utasahihisha somo ambalo mwenzako hakukusudia kulitengeneza.

Mzunguko wa kwanza upitie kwa simu, kwa bando lako, bila kalamu mkononi. Wi-fi ya chuo inaficha mengi. Fungua kiungo kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ambako hujaingia kwa akaunti yoyote. Ikitokea skrini ya kuomba ruhusa, umeshapata kasoro ya kwanza, na ndiyo kubwa kuliko zote: faili bado limefungwa kwa mmiliki wake. Yeye hawezi kuiona, kwa kuwa kwake linafunguka kila siku.

Halafu pima uzito. Video iliyohifadhiwa kwa kasi ya megabiti 1.5 kwa sekunde hula takriban MB 11 kila dakika. Dakika nane ni kama MB 90. Sauti peke yake kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula karibu nusu MB kwa dakika, yaani MB 4 kwa somo zima. Bando zenyewe zimeongezewa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, na simu anayotumia mtoto mara nyingi ni ya mzazi. Kwa hiyo ukiona video inaonyesha slaidi zisizosogea huku mtu akizisoma, pendekeza sauti pamoja na picha nne au tano. Picha iliyopigwa kwa simu huwa na MB 3 hadi 5. Ikipunguzwa upana hadi pikseli 1200 na kuhifadhiwa kama JPEG, kwa kawaida hushuka chini ya KB 300, na kwenye skrini ya simu macho hayaoni tofauti.

Toka nje saa saba mchana uone kama maandishi yanasomeka juani. Kipimo cha kimataifa cha WCAG, yaani mwongozo wa kufanya kurasa za mtandao zitumike na kila mtu, kinataka utofauti wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake. Njano juu ya nyeupe haifiki hata karibu.

Mzunguko wa pili ndio wa kalamu, na hapa ndipo penye kazi. Andika lengo la somo juu ya karatasi, kisha chini yake orodhesha kila anachotakiwa kufanya mwanafunzi. Mara nyingi utakuta lengo linasema "atumie ngeli ya KI-VI katika mawasiliano", video inafafanua ngeli ni nini, na jaribio linauliza wingi wa majina. Vitu vitatu, kila kimoja na njia yake. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 unataka mwanafunzi aonyeshe umahiri kwa kutenda, kwa hiyo jaribio la wingi tu linaacha lengo likining'inia. Pendekezo dogo linatosha: maswali manne ya mwisho yageuzwe kuwa sentensi za kukamilisha, kwa mfano "Viti ___ (-etu) ___ (-vunjika)", ili apate "vyetu" na "vimevunjika".

Pitia jaribio mara mbili, mara ya pili ukikosea makusudi. Hakuna sehemu inayofundisha vibaya kimyakimya kama jaribio. Kwenye somo la KI-VI, mtego unaojulikana ni "kiongozi". Linaanza na *ki*, wingi wake ni "viongozi", na mtunzi aliyechoka usiku huliingiza kwenye kikapu cha kuburuta pamoja na "kiti" na "kisu". Mfumo unampa mwanafunzi tiki ya kijani, naye anaondoka akiandika "kiongozi kimefika". Ni "amefika". Vivyo hivyo kipofu, kiziwi, kijana, kifaru na kiboko wa mtoni: watu na wanyama huchukua upatanisho wa A-WA. Usimwombe ayatoe tu maneno haya. Mpendekezee ayatengee zoezi lao dogo, kwa sababu ndipo mwanafunzi atakapoelewa tofauti kati ya umbo la jina na upatanisho wake.

Ukikosea, mfumo unakujibu nini? Kama ni "Si sahihi, jaribu tena," sema hivyo kwenye mrejesho. Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni ambao vyuo vyetu vingi vinautumia, unaruhusu kila chaguo liwe na maelezo yake. Aliyechagua "chakula zimeiva" anahitaji kuambiwa kwamba *ch-* ni sura ya KI- mbele ya irabu, kwa hiyo umoja ni "chakula kimeiva" na wingi ni "vyakula vimeiva". Jaribu pia maswali ya kujaza kwa kuandika. Andika jibu sahihi, kisha weka nukta mwishoni. Mfumo unaolinganisha herufi kwa herufi utakunyima alama, na mwanafunzi atadhani Kiswahili chake kimekosea.

Sauti inataka uangalifu wa ulimi wako wewe. Katika Kiganda, r huandikwa baada ya e na i, na l kwingineko. Anayekizungumza tangu utotoni mara nyingi hasikii kwamba amesema "kirima" badala ya "kilima". Namna ya kuliandika hilo ndiyo inayotofautisha mrejesho na dharau. "Matamshi yako yana Kiganda" linamgusa mtu na kwao. "Dakika 3:12, neno *kilima* linasikika *kirima*, pia 5:40. Sehemu hizo mbili zikirekodiwa upya, video nzima inabaki" linagusa faili.

Sasa kuandika. Weka mambo makubwa mawili, yasizidi matatu. Tahajia na vijambo vingine vidogo viende kwenye orodha fupi mwishoni, bila maelezo. Ukimpa mtu mambo kumi na manne, atarekebisha yaliyo rahisi, na "kiongozi" atabaki kikapuni. Maneno 250 hadi 300 yanatosha. Anza na kilichofanya kazi, lakini kwa uzito ule ule wa ushahidi:

"Mwalimu, picha ya meza moja na meza nyingi karibu na kiti kimoja na viti vingi (0:50) ilinifanya nitambue ngeli kabla hujaitaja. Tafadhali usiiondoe. Swali la 6 lilinikwamisha: niliandika *vyumba vikubwa* na nukta, likakataa. Nadhani likiruhusu nukta, au likigeuzwa kuwa la kuchagua, litapona. Jambo zito ni *kiongozi* katika zoezi la kuburuta. Nimelieleza hapa chini."

Angalia lile "ilinifanya" na "lilinikwamisha". Unaeleza lililokupata, na hakuna anayeweza kubishana nalo. "Nadhani" umeiweka kwenye dawa, si kwenye ugonjwa.

Darasani mna vijana waliotoka sekondari juzi, na mna walimu walio kazini miaka kumi na mitano waliorudi kuongeza shahada. Kijana huogopa kumsahihisha mkubwa wake, naye mkubwa hushangaa kuona kijana amemwachia mistari miwili ya shukrani tu. Mwite Mwalimu, au ssebo na nnyabo (bwana na bibi kwa Kiganda) kama ndivyo mlivyozoeana, na jambo zito mtangulizie kwa simu au ana kwa ana kabla hujaliandika mahali darasa zima linasoma. Adabu iwe kwenye namna ya kusema. Kasoro yenyewe iseme yote. Kunyamazia "kiongozi kimefika" kwa sababu ya heshima ni kumwacha mkubwa wako aaibike mbele ya wanafunzi arobaini.

Usimtengenezee somo upya. Ukimwandikia maswali yote kumi, umechukua kazi yake. Mwandikie moja la mfano, mengine atayaweza.

Akishatuma toleo jipya, rudi kwenye dakika na maswali uliyoyataja tu, usianze kutafuta kasoro mpya. Kama kuna pendekezo aliloliacha, muulize sababu. Huenda anawajua wanafunzi wake wa Lira kuliko wewe. Kiungo kifungue tena kwenye dirisha la faragha, kwa sababu nakala mpya ya faili huja na kiungo kipya, na ruhusa ya kile cha zamani haikihusu.