Skinki wa ardhini ni mjusi gani?

Skinki ni jamii kubwa ya mijusi, wengi wana magamba laini yanayong'aa na shingo ambayo huioni vizuri. Sasa huyu wa ardhini, jina lake la kisayansi Scincella lateralis, ni wa Marekani, yuko kuanzia New Jersey kushuka Florida hadi huko Texas, na mwanasayansi wa Marekani Thomas Say ndo alimwelezea kisayansi mwaka 1823. Ni mdogo kwelikweli, ukipima pamoja na mkia hafiki sentimita 15, rangi yake kahawia halafu kila ubavu una mstari mweusi unaopita kwenye jicho.

Kupanda miti siyo kazi yake. Maisha yake yapo kwenye majani makavu yaliyodondoka, humo humo anawinda wadudu na buibui, humo humo anajificha, na ukishalijua hilo umbo lake lote linaeleweka. Miguu ni vijiti tu, kwa hiyo akitaka kukimbia anapindapinda kiwiliwili na kupenya kati ya majani kama anaogelea, unasikia mchakacho tu na yeye ameshapotea.

Ila jicho lake ndo linanimaliza kabisa. Kope la chini lina kidirisha kinachopitisha mwanga, yaani akifumba macho ili vumbi na takataka visimwingie bado anaona anakoenda!

Na mkia je? Akikamatwa anauachia, unabaki unarukaruka pale adui anaushangaa, mwenyewe huyo anatokomea, na baadaye unaota mwingine ambao ndani una gegedu badala ya mifupa. Lakini siyo bure, maana mkia ndo stoo yake ya mafuta, kuupoteza ni hasara kubwa, na imeshaonekana skinki hawa wakiula mkia wao wenyewe uliokatika, kitu ambacho naona kina akili sana kwa mnyama mdogo hivyo.

Kwenye uzazi anatofautiana na skinki wenzake wa huko wa jenasi (yaani kundi la ndugu wa karibu) iitwayo Plestiodon, ambao mama anabaki na mayai akiyalinda. Huyu anataga machache tu, kwenye gogo linalooza au sehemu yenye unyevunyevu, anaondoka zake, na msimu haujaisha anaweza kutaga tena, watoto wakianguliwa kila mmoja anajitegemea kuanzia siku hiyo hiyo.