Uyoga wa paina: tatizo ni hiyo "wa"

Nimesikia tena wiki hii, kwenye basi la kutoka Mafinga, mama mmoja ana ndoo ya uyoga miguuni: "Uyoga wa paina ni sumu kwa sababu utomvu wa ule mti unaingia ndani yake. Huu nimechuma mbali kidogo na mti."

Uyoga wa paina ni uyoga wowote unaoota chini ya mipaina. Basi. Mwingine unaliwa, mwingine unaua.

Kinachotupotosha ni hiyo "wa". Maji ya kisima yametoka kisimani, sawa. Lakini mgeni wa baba hakutoka kwa baba. Uyoga wa paina ni wa namna hii ya pili. Paina tunayoiona kwenye shamba la miti la Sao Hill, Pinus patula, asili yake ni Meksiko, na mizizi yake huishi kwa kushirikiana na kuvu: kuvu huuletea mti maji na madini, mti huilipa sukari. Mche ukikosa kuvu hiyo hudumaa, ndiyo maana watu wa vitalu wamekuwa wakichanganya udongo wa chini ya mipaina mikubwa. Kuvu husafiri hivyohivyo, na uyoga ni tunda lake tu.

Miongoni mwa wageni hao umo Amanita phalloides, wa Ulaya, ambao umekwisha kuonekana kwenye mashamba ya paina hapa Tanzania. Kwao huota hata chini ya mialoni, na huko nako unaua. Sumu unaitengeneza wenyewe. Kama ingekuwa utomvu, Suillus, ule wenye vitundu kama sponji chini ya kofia, usingelika, nao pia ni wa paina.

Anayeamini kwamba sumu ni utomvu huchemsha, akamwaga maji, akaona yamekwisha. Sumu hii haitoki kwa kuchemsha wala kukausha. Tumbo huanza kuvuruga baada ya saa 6 hadi 12 au zaidi, kisha mgonjwa hupata nafuu ya uongo, ini linaharibika kimyakimya.

Wanaochuma kwenye misitu ya asili ya miombo nao wana mtego wao: Amanita tanzanica, unaoliwa, una kifuko chini ya mguu, kama ganda la yai lililopasuka. Yule muuaji, Amanita phalloides, naye anacho.

"Kwa hiyo mti hauna kosa?" mama akauliza.

Hauna, mama. Ila huu wa kwenye ndoo umekatwa shingoni, miguu imebaki msituni, na bila mguu siwezi kukuambia ni upi.